Milango Minne ya Mninga

Kaseti ilipofika mwisho kwa mara ya tatu, Mzee Mwinjuma alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena, kisha akaomba irudishwe mwanzo. Hakuwa ameguna wala kutikisa kichwa. Inspekta Demetria, aliyesimama nyuma ya kiti chake, alimwashiria Koplo Venance, na Koplo akabonyeza kitufe cha deki kama mtu aliyechoka kabla siku haijaanza.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Ijumaa ya tarehe tano Septemba mwaka 1997, katika chumba cha nyuma cha kituo cha polisi huko Temeke. Saa nane mchana wa siku hiyohiyo, fundi seremala aitwaye Gaspar angepelekwa kwa mlinzi wa amani ili arudie kwa hiari yake maneno aliyokwisha kuwaambia polisi: kwamba yeye ndiye aliyemuua Munira, mke wa Talha. Maneno yaliyosemwa kituoni mahakama huweza kuyatilia shaka. Yakishaandikwa na mlinzi wa amani ni vigumu mno kuyafuta, na kosa lenyewe adhabu yake ni kitanzi. Demetria alikuwa amebakiwa na saa sita.

Munira alitoka nyumbani kwake Kinondoni Jumapili ya tarehe ishirini na nne Agosti, akamwambia jirani kwamba anakwenda Keko kutazama kabati lake la nguo limefikia wapi. Hakurudi. Jumanne yake, wakata kuni waliukuta mwili wake katika mikoko ya Mtoni, umeviringishwa kwenye mkeka, umechomwa kifuani kwa chuma chembamba chenye upana wa kidole gumba. Daktari aliandika kwamba chuma hicho kingeweza kuwa patasi. Kiunoni alikuwa amejifunga kanga ya zambarau yenye maua ya korosho. Kanga hununuliwa doti, na Munira hakuwa mwanamke wa kutoka nje bila kujitanda, kwa hiyo kanga ya pili ilipaswa kuwa mahali fulani.

Alhamisi, siku mbili baadaye, bahasha iliokotwa kwenye kizingiti cha kituo. Ndani hamkuwa na barua, ila kaseti ya video ya sekunde arobaini tu, isiyo na sauti. Ilionyesha stoo ya Gaspar iliyo nyuma ya karakana yake ya Keko. Kamera iliingia dirishani, ikapita polepole juu ya kitanda cha kamba, ikalitazama kabati la milango minne lililosimama ukutani, kisha ikateremka hadi sakafuni. Pale chini, baina ya miguu ya kabati, ilikuwapo kanga ya zambarau yenye maua ya korosho, imelowa damu.

Polisi walipofika Keko walikuta sakafu ya stoo imepigwa saruji mbichi. Gaspar alieleza kwamba mchwa walikuwa wanapanda kutoka ardhini na kula mbao zake. Saruji ikavunjwa, wakapatikana mchwa. Kanga haikuonekana. Lakini Gaspar alipoonyeshwa kaseti, aliitazama mpaka mwisho, akaomba maji ya kunywa, akasema, "Ni mimi."

Demetria hakuridhika, na sababu yake ilikuwa nyepesi. Jumapili ile Gaspar alikuwa Kipawa, kwenye msiba wa mzee mmoja wa kwao Masasi. Yeye ndiye aliyelitengeneza jeneza, akalisindikiza makaburini, akarudi matangani kula na wenzake. Watu hamsini walimwona. Mkuu wake wa upelelezi alimjibu kwamba watu hamsini msibani hutazama jeneza, hawamtazami seremala.

Basi, kama Gaspar hakuua, alikuwa anamficha nani? Jibu la kwanza lilikuwa mdogo wake, Fransis, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyelala katika stoo ile na kulinda vifaa. Demetria alimhoji mara mbili. Fransis alisema kwamba Munira alifika saa nne asubuhi, akafungua milango ya kabati mmojammoja, akausifu mmoja na kuukosoa mwingine, kisha akaondoka kwa miguu yake. Shahidi wa maneno hayo alikuwa Fransis peke yake. Kwa siku mbili nzima Demetria aliamini kwamba amempata muuaji, na kwamba kilichobaki ni kumkamata.

Kilichomzuia ni swali jingine. Nani aliyepiga video ile, na kwa nini asiseme? Aliwazungukia wapiga video za harusi wa Temeke na Ilala, maana kamera za namna hiyo hazikuwa nyingi mjini. Mmoja baada ya mwingine walikana. Wa mwisho, Adelard wa Tandika, aliitazama kaseti akiwa amekunja uso, akasema maneno ambayo Demetria aliyaandika kama yalivyo: "Afande, aliyeshika kamera hii hapumui. Mie nimepiga harusi mia tatu. Mkono wa binadamu hautulii hivi."

Ndiyo maana asubuhi hii alimwita Mzee Mwinjuma, aliyemfundisha Gaspar kushika randa. Alitaka kujua jambo moja tu: kama stoo ile ni ya Gaspar kweli, au ni nyingine iliyofanana nayo.

"Simamisha hapo," alisema Mzee Mwinjuma.

Koplo Venance akasimamisha. Picha ikaganda huku mistari myeupe ikitetemeka juu yake. Kabati la milango minne lilijaza kioo chote cha televisheni.

"Njoo karibu, mwanangu. Nihesabie vifundo."

"Mzee, sisi tunatafuta muuaji," Venance alisema, "wewe unatafuta kifundo."

"Na wewe umetazama kabati hili mara ngapi?"

"Kama ishirini."

"Ukaona nini?"

"Kabati."

Mzee Mwinjuma alirudisha macho kwenye picha. Demetria alikuwa amekwisha kuinama mbele ya televisheni. Katika mlango wa kwanza, upande wa kushoto, kilikuwapo kifundo cha tawi kikubwa kama yai la kuku, na chini yake mstari mweusi uliopinda kama ndoana. Katika mlango wa pili, upande uleule wa kushoto, kifundo kama yai, na ndoana chini yake. Mlango wa tatu hivyohivyo. Wa nne hivyohivyo.

"Labda fundi alichukua ubao mmoja mnene akaupasua mara nne," alisema.

"Hilo ni wazo zuri, na ningekuwa na mwanafunzi kama wewe ningefurahi. Lakini sikiliza. Ukipasua mninga na kuufunua, mbao mbili hutazamana kama mtu na kioo. Kifundo cha huku kikikaa kushoto, cha mwenzake kitakaa kulia. Na kila msumeno unavyozidi kuingia, kifundo kitanenepa au kitakonda, maana tawi halikuota sawasawa. Sasa hizi hazitazamani, wala hazitofautiani. Huu ni ubao mmoja, uliosimama mahali panne kwa wakati mmoja."

"Maana yake nini?"

"Dirisha lile ni la Gaspar, hata nondo yake iliyopinda ni ileile. Kitanda ni kile cha mdogo wake. Lakini kabati hilo, hata kama linafanana na lile la Munira, Gaspar hakulitengeneza, wala mie, wala mtu mwingine yeyote mwenye randa. Kabati hilo halipo."

Venance aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kama mzee anataka kusema ni kazi ya jini.

"Jini angefanya vizuri zaidi," alisema Mzee Mwinjuma.

Demetria aliomba kaseti iendelee polepole. Sasa alijua namna ya kutazama. Maranda yaliyotapakaa sakafuni yalikuwa yamejikunja kwa mkunjo mmoja, yakajirudia kila hatua mbili kama maua ya kitambaa cha dukani. Pazia lilipepea, likarudi, likapepea tena kwa kipimo kilekile. Kaseti yenyewe ilikuwa imefifia kidogo, na kufifia huko kulikuwa kumeyaficha mambo hayo yote kwa macho ya watu wasiotafuta. Hakuwa anatazama chumba kilichopigwa picha. Alikuwa anatazama mchoro.

"Nani katika mji huu anayeweza kuchora namna hii?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

Koplo Venance alikohoa. Mwezi Juni, alisema, alipangwa kulinda maonyesho ya filamu fupi katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Kijana mmoja alionyesha filamu ya dakika tatu ya mchezo wa bao. Hapakuwa na wachezaji; kete zilijinyanyua zenyewe, zikajigawa shimo kwa shimo, na mtu angeweza kuona mafuta ya mikono kwenye kingo za ubao. Mama mmoja alisimama akauliza nyuzi za kuvutia kete zimefungwa wapi. Kijana akajibu kwamba hakuna nyuzi, hakuna kete, hakuna ubao, na kwamba vyote vimetoka ndani ya kompyuta.

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Afande, hukuniuliza habari za bao."

Kijana mwenyewe aliitwa Twalib, na haikuwachukua muda kumpata. Aliishi Kinondoni katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yake. Walimkuta amevaa msuli na fulana, ameketi mbele ya kompyuta mbili zilizovuliwa mifuniko, matumbo yao nje, na feni tatu zikizipulizia upepo. Alimwamkia Demetria shikamoo, akawapa viti, akaeleza kwa haraka kwamba kibali chake cha kuonyesha filamu bado hakijaisha muda.

Demetria alimwambia kwamba hakuja kwa ajili ya kibali. Akamwomba amweleze kazi yake, naye Twalib akaeleza kwa furaha ya mtu ambaye ndugu zake wamechoka kumsikiliza. Alijifunza Bombay kwa miaka miwili. Ndani ya mashine alijenga kitu kwanza kwa mistari, mfano wa fundi wa kapu anayesuka mbavu kabla ya kujaza. Kisha alikivisha ngozi, na ngozi hiyo ilikuwa picha halisi ya kitu halisi: ubao, ukuta, udongo. Mwisho aliweka taa na kamera, ambazo nazo hazikuwapo.

"Na watu?" aliuliza Demetria.

"Watu hapana. Watu wananishinda, wanatoka kama masanamu. Lakini kitu kisicho na roho, sista, nakutengenezea mpaka mwenyewe utake kukishika."

Demetria akatoa mkobani picha aliyoipiga kutoka kwenye kioo cha televisheni, akaiweka juu ya meza. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba atatazama uso kwanza.

Uso wa Twalib ulifunguka kwa tabasamu. "Mmeipataje hii? Bosi alisema haijatoka."

"Bosi gani?"

"Bwana Talha. Mwenye duka la kaseti kule Kariakoo. Anatayarisha filamu ya upelelezi, hiki ni kipande cha kufungulia. Mmekiona chenyewe kinavyotembea?"

"Tumekiona. Kuna mzee mmoja amehesabu vifundo vya milango."

Tabasamu likamtoka Twalib taratibu. Aliivuta picha karibu, akaitazama kama mtu anayelitazama shati lake na kugundua kwamba ametoka nalo limegeuzwa. Alikiri kwamba alipiga picha ubao mmoja tu, kwa kuwa picha nne zingeijaza kompyuta na kuielemea. Alidhani kila mtu atatazama kanga. Katika kusema hivyo aliona haya ya kweli, haya ya fundi, na Demetria akaamini kwamba kijana huyu hajui lolote lililotokea. Lakini kuamini si ushahidi, akaendelea kuuliza.

Twalib alisema kazi ilianza mwanzoni mwa Julai. Talha alimletea picha kumi na mbili za stoo, alizozipiga mwenyewe alipokwenda kutazama kabati la mkewe, pamoja na maelezo ya mahali pa kuweka damu. Kazi ilikabidhiwa Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu Agosti. Jumapili alfajiri Twalib alipanda basi kwenda Tanga kwenye harusi ya dada yake, safari ambayo Talha alimsaidia nauli na kumhimiza asiwe na haraka ya kurudi. Alikuwa amerudi juzi usiku.

"Hayo ni maneno yako," alisema Demetria. "Wakili akisimama mahakamani atasema ulitengeneza baada ya tarehe hiyo. Atasema uliifanya Jumatatu, au Jumanne."

"Jumanne? Sista, hii kazi haifanyiki Jumanne." Twalib alicheka kidogo. "Sekunde moja ina picha ishirini na tano. Kila picha mashine inaipika peke yake, mstari kwa mstari, inapiga hesabu mwanga unagonga wapi na kivuli kinalala wapi. Picha moja, saa moja. Hii imenila wiki sita. Angalia."

Alielekeza kidole kwenye mojawapo ya vioo. Kilikuwa cheusi, isipokuwa ukanda mwembamba juu kabisa, ambako bati la paa lilikuwa limeanza kuonekana, likiwa na kutu na matone ya mvua. Demetria alitazama kwa dakika nzima. Ukanda ule uliongezeka unene wa uzi.

Alifungua daftari lake. Sekunde arobaini, mara picha ishirini na tano: picha elfu moja. Picha elfu moja, saa elfu moja. Mashine zilikuwa mbili, kwa hiyo saa mia tano kwa kila moja, yaani siku ishirini na moja bila kuzimwa. Na umeme wa mgawo wa miezi ile uliwapa watu wa Kinondoni nusu ya siku. Twalib hakuwa anatia chumvi aliposema wiki sita. Munira alipotea Jumapili, na kaseti ikaokotwa Alhamisi. Baina ya siku hizo mbili, hata umeme ungekuwapo usiku na mchana, mashine zote mbili zisingemaliza picha mia mbili.

Alipiga mstari chini ya hesabu ile. Hakuhitaji tena kumwamini Twalib. Damu iliyokuwa kwenye kaseti ilianza kuchorwa wakati damu ya Munira ingali inatembea mwilini mwake.

Lilibaki jambo la kanga. Picha ya ubao ilitoka kwa ubao, picha ya ukuta ilitoka kwa ukuta. Aliuliza kanga ilitoka wapi.

"Ya mke wake," alisema Twalib. "Bi Munira. Alikuja naye hapahapa, mwezi wa saba. Bwana Talha alisema inatakiwa kanga inayovutia macho, mkewe akasema basi ichukueni hii. Alijitandua mwenyewe, akaitandaza kitandani pale, akaikung'uta na vumbi. Alikaa na mama yangu uani wakanywa chai mpaka nikamaliza kupiga picha. Alifurahi sana kwamba kanga yake inaingia kwenye filamu. Alisema nikimaliza nimwonyeshe, asije akaambiwa na majirani." Akamtazama Demetria, kisha Venance, kisha tena Demetria. "Amekwisha kuiona? Hajambo mama yule?"

Feni zilikuwa zinavuma. Koplo Venance aliinuka, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo.

Demetria alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache na kwa mfuatano: siku, mahali, jeraha, kaseti, mtu aliyemo mahabusu. Twalib alisikiliza huku mikono yake ikiwa juu ya magoti. Aliposikia habari ya kanga iliyopotea, alikitazama kitanda chake.

"Rangi ya damu niliibadilisha mara tatu," alisema. "Bwana Talha alikuwa anasema ni nyekundu mno."

"Hizo picha kumi na mbili ziko wapi?"

Alikuwa nazo. Talha alimwagiza achome picha na kufuta kila kitu kwenye mashine, naye akajibu kwamba amefuta, lakini hakuweza kuifuta kazi ya wiki sita. Alifungua mtoto wa meza akazitoa, pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa mkono. Sentensi ya tatu katika karatasi ile ilisema: kanga ionekane nusu tu, kama imesukumwa kwa mguu.

Demetria aliisoma mara moja, akaiweka kwenye bahasha. Sasa aliuona mpango wote. Nyumba ya Kinondoni ilikuwa ya Munira, aliyoirithi kwa baba yake, na jirani alikwisha kueleza kwamba mume alitaka iuzwe, mke akakataa. Talha alihitaji mkewe afe, na alihitaji mtu wa kubeba kifo hicho. Seremala anayetembelewa na Munira kila wiki alifaa. Lakini stoo ya seremala haikuachwa tupu hata siku moja, kwa sababu Fransis alilala humo. Kwa kuwa hakuweza kuiingiza kanga katika chumba, Talha alikiingiza chumba ndani ya kaseti.

"Talha anajua kwamba umerudi kutoka Tanga?"

"Nilimpigia simu jana. Alisema atapita leo jioni tuongee habari ya kazi nyingine."

Demetria alimtaka Koplo Venance asiondoke chumbani mpaka aletewe mtu wa kumpokea, na asimruhusu mtu yeyote kuzizima mashine. Twalib aliandika maelezo yake kwa kurasa nne, akatia sahihi kila ukurasa. Alipomaliza aliomba aandike tena sentensi moja, kwamba yeye ndiye aliyeiweka damu pale. Demetria alimwambia kwamba imekwisha kuandikwa.

Talha alikamatwa saa sita na robo dukani kwake. Hakubisha. Aliuliza tu kama wanaweza kumruhusu ashushe mlango wa duka kwanza, na askari waliokwenda walisema kwamba aliufunga kwa utaratibu, kufuli mbili.

Saa saba na nusu Demetria alimkuta Gaspar amekwisha kutolewa mahabusu na kuketishwa kwenye benchi la chumba cha nyuma, amevaa shati safi lisilo lake, tayari kwa safari ya kwenda kwa mlinzi wa amani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mabega mapana, vidole vimejaa makovu ya misumeno. Alisimama inspekta alipoingia, akabaki amesimama hata alipoambiwa akae.

"Gaspar, siku ile ulikuwa Kipawa."

"Nilitoka nikarudi."

"Ulimchoma kwa kitu gani?"

"Patasi."

"Mkono gani?"

Aliitazama mikono yake. "Huu," akasema, akiinua wa kulia. Demetria alikuwa amemwona akitia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Hakubishana naye. Aliwasha televisheni, akaisukuma kaseti ndani ya deki, akaiacha itembee mpaka kwenye kabati, akaisimamisha. Gaspar alikuwa ametazama pembeni. Demetria alimwambia kwamba safari hii haombi atazame kanga, wala kitanda. Anaomba atazame milango, kama fundi anayeletewa kazi aikague.

Gaspar aligeuza macho polepole. Mwanzoni hayakukaa mahali pamoja. Kisha yalitua kwenye mlango wa kwanza, yakaenda kwa wa pili, yakarudi. Alipiga hatua moja, ya pili, akapiga goti mbele ya kioo, akanyoosha kidole kile cha makovu na kuufuata mstari mweusi uliopinda, kwenye kila mlango, hadi wa nne.

"Hii si kazi yangu," alisema.

"Si kazi ya mtu. Ni mchoro wa kompyuta. Aliyeuagiza amekamatwa, ni mume wa marehemu. Munira aliondoka kwenye stoo yako akiwa mzima, kama alivyosema Fransis."

Gaspar alibaki amepiga goti. Aliposema, alikuwa anaiambia televisheni.

"Alisema hivyo? Kwamba aliondoka mzima?"

"Mara mbili. Hukumuuliza mwenyewe?"

Hakuwa amemuuliza. Yakamtoka maneno, machache na makavu. Alipoiona kaseti aliona kitanda cha mdogo wake na kanga ya damu hatua tatu kutoka kwenye mto wake, akajua. Hakufikiri, alijua. Mama yao alipokufa Masasi alimkabidhi Fransis wa miaka tisa, naye ndiye aliyemleta mjini. Aliona afadhali anyongwe yeye. Lakini kumsamehe hakuweza. Kijana alipokuja kituoni kumletea chakula, Gaspar alimwambia askari wa zamu kwamba hamjui mtu huyo, amrudishie akale mwenyewe.

"Leo amekuja?" aliuliza, akisimama. "Chakula cha leo amekileta?"

Demetria alimwita askari wa zamu. Askari alitazama kitabu chake cha wageni, akasema kijana alikuja Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na bakuli lililofungwa kitambaa, na kila mara lilirudishwa. Jana alikuja bila bakuli. Aliuliza kama kaka yake ametoa neno lolote juu yake. Akaambiwa ametoa: kwamba hana mdogo. Alisimama pale mlangoni kitambo, akashukuru, akaondoka. Leo hakuonekana.

Gaspar alianza kufungua vifungo vya shati lile safi.

"Hana mtu mwingine hapa mjini," alisema. "Wala kule kwetu. Afande, hana mtu."

Demetria alikuwa amekwisha kumvuta askari wa zamu hadi ukumbini, akimuuliza kijana yule jana alipotoka aligeukia upande gani wa barabara.